Pwani Tulipewa Uhuru kwa Barua

Juzi baada ya Isha tumekaa barazani hapa Shela ya Malindi, kahawa iko, kashata zimebaki mbili, kijana wangu wa gredi ya 8 akaja na daftari la homuweki. Swali lenyewe jepesi, Kenya ilipata uhuru kutoka kwa nani na mwaka gani. Mimi nshafungua mdomo nijibu, ami akanikata. Akamuuliza mtoto, "Kwani wewe siku hiyo ulikuwa umekaa wapi?" Mtoto akacheka, akidhani ami ameanza utani wake wa kila siku. Kumbe mzee hataniani. "Ukiwa Nairobi, andika Mngereza. Ukiwa hapa Malindi, Mngereza alikuwa mpangaji tu, mwenye nyumba yuko Unguja. Na sisi tuliozaliwa upande wa Kiunga ndo usiniulize, hata sijui nti ile ilikuwa ya nani."

Jibu hilo limenikaa rohoni tangu siku ile, manake ukilichunguza ni kweli tupu, na ni kweli ambayo vitabu vya shule vinaipita mbio kama matatu inayochelewa feri. Hadithi tunayofunzwa wote ni moja: hali ya hatari 1952, Mau Mau msituni, mikutano ya Lancaster House kule London, Kenyatta akatoka kizuizini 1961, bendera ikapanda usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Hakuna uongo hapo. Lakini hiyo ni hadithi ya koloni, na sisi huku hatukuwa koloni.

Tuanze na mkataba wa nyumba. Tarehe 14 Desemba 1895 Sultani wa Zanzibar, Hamed bin Thuwaini, alikubaliana na Waingereza waiendeshe mrima yake, ukanda wa maili kumi kutoka mpaka wa Mjerumani kule Vanga mpaka Kipini, pamoja na visiwa vya Lamu, na yeye alipwe kodi pauni 11,000 kwa mwaka. Juu ya hizo akawa anapewa nyingine 6,000, na hizi ndo zinachekesha. Mwaka 1890 Mjerumani alimlipa Sultani kama pauni 200,000 kwa kipande chake cha pwani ya Tanganyika. Ilipofika 1895 serikali ya Uingereza inataka kuinunua ile kampuni ya Mackinnon iliyokuwa imefilisika ikiendesha mambo huku, bas pesa zile zile za Sultani zikachukuliwa zikamlipa mwenye kampuni, na Sultani akawa anapewa riba ya asilimia 3 kwa hela yake mwenyewe. Na riba kwa Muislamu, haya, tuyaache hayo.

Kwa hivo kisheria kulikuwa na Kenya mbili. Ilipofika 1920 zikaitwa hivo waziwazi, Koloni na Himaya ya Kenya, moja ya mfalme wa Uingereza na nyengine ya Sultani iliyopangishwa. Ngome ya Mombasa ikapepea bendera nyekundu ya Sultani hadi 1963, kulikuwa na liwali na mudir, maafisa wa utawala, na kadhi. Sasa tazama ramani uone maajabu, ukanda unaishia Kipini, halafu vinarukiwa visiwa peke yake. Manake ukiwa Amu mjini, yaani Lamu, uko kwa Sultani, ukipanda mashua ukavuka Mokowe, mwendo wa nusu saa na upepo mzuri, ushatoka kwa Sultani. Witu hapo karibu ilikuwa na sultani wake mwengine wa ukoo wa Nabahani, akawekwa chini ya himaya ya Mjerumani 1885, Mjerumani akamuachia Mngereza 1890, na mwaka huo huo Mngereza akapeleka manuwari na askari wakauchoma mji. Kismayu na Jubaland zikakatwa 1925 akapewa Mtaliana, Wabajuni, watu wa upande ule wa Kiunga, wakabaki nusu huku nusu kule, na hakuna aliyewauliza. Ami ana haki ya kutojua nti ile ilikuwa ya nani.

Nasema haya yote manake nchi mpya zilizozaliwa Afrika miaka ile, na 1960 peke yake zilikuwa 17, hazikuzaliwa kwa kupigana tu wala kwa kuombwa tu. Zilizaliwa kwa kuhamisha karatasi. Mkoloni alikuwa na makaratasi mengi, mikataba, ramani, rejista za mashamba, na siku ya kuondoka akamkabidhi mmoja fungu lote. Aliyekuwa na jina lake ndani ya karatasi akapata uhuru na mali yake. Aliyekosa jina akapata wimbo wa taifa. Mimi naona ukitaka kuelewa uhuru wa Pwani anza hapo.

Na mtu asije akaniambia watu wa huku walikaa kitako wakingoja. Mekatilili wa Menza sanamu yake iko hapa Malindi mjini, watalii wanapiga picha. Mwaka 1913 Mngereza alitaka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi kwenye mashamba makubwa, na kodi ya nyumba juu. Mama yule mjane akazunguka na ngoma ya kifudu akiwalisha watu kiapo, yeye na Wanje wa Mwadorikola, mpaka serikali ikakosa watu wa kuwatuma. Wakakamatwa wakapelekwa Kisii, huko mbali karibu na ziwa, na 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu! Hebu fikiria njia ile, tembo, simba, nyika ya Tsavo. Agosti ya mwaka huo Mngereza akalipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti, akaamuru Wagiriama watoke kaskazini ya mto Sabaki wahamie kusini, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa kwa maelfu. Ilikuwa miaka 38 kabla ya hali ya hatari. Lakini ukihesabu nani aliingia chumba cha Lancaster House kwa jasho hilo utakuta hesabu haijai mkono.

Amu nako kulikuwa na mchango wake, ingawa wa aina nyengine. Ngome ile ya pale Mkunguni ilikuwa jela tangu miaka ya 1910 mpaka 1984, na kisiwa cha Manda, ambacho leo ndege za watalii zinatua, kilikuwa kambi ya mahabusu wa Mau Mau, Achieng Oneko akiwa mmoja wao. Kwa hivo watu wa Amu waliuona uhuru wa bara kwa macho yao kabla hawajauona wao wenyewe, umefungwa minyororo upande wa pili wa mlango wa bahari.

Haya, tufike 1961. Mngereza anaondoka, na sasa amekumbuka kuwa nyumba si yake. Akamleta Sir James Robertson, aliyekuwa gavana mkuu wa Nigeria, azunguke mwambao asikilize watu. Hapo ndo siasa ya Mwambao ikawaka moto. Kuna waliotaka ukanda urudi kwa Sultani, kuna waliotaka Mwambao uwe nchi yake yenyewe, akina Sheikh Abdilahi Nassir na Coast People's Party, kuna KANU iliyotaka Kenya moja, na kuna KADU ya Ronald Ngala, mtoto wa huku huku Kilifi, iliyotaka Kenya moja lakini ya majimbo.

Sisi waswahili wa mjini tukihadithiana habari ya Mwambao tunapenda kusema "tuliporwa". Wallahi mimi nilikua nikiamini hivo. Lakini jiweke mahali pa Mgiriama wa Malindi wa 1961. Utumwa umepigwa marufuku kisheria huku 1907 tu, yaani bibi yake angeweza kukuhadithia. Mashamba aliyokuwa akilima yameandikwa majina ya watu wa mjini. Sasa umwambie, bwana, Mngereza anakwenda, njoo tukurudishe chini ya bendera nyekundu. Angekuona umerukwa na akili. Wengi wa Mijikenda, hao Wagiriama na ndugu zao, hawakuitaka Mwambao na walikuwa na sababu, na sisi tuliojifanya tunasema kwa niaba ya pwani yote hatukuwahi hata kwenda kuwauliza. Robertson alipoandika ripoti yake Desemba 1961 akipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, alikuwa na bandari ya Mombasa kichwani, hilo linajulikana, Kenya na Uganda zingepumulia wapi, lakini pia alikuwa na jibu la watu wengi zaidi kuliko sisi tunavyopenda kukubali.

Kura haikupigwa, lakini. Hapo ndo pananiuma.

Likafuata jambo ambalo watu wengi wanalisikia bila kulisoma. Tarehe 5 Oktoba 1963 waziri mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na waziri mkuu wa Zanzibar, Sheikh Muhammad Shamte, waliandikiana barua. Siku tatu baadae ukatiwa saini mkataba kule London, Sultani akaiachia mrima yake kwa Kenya. Barua ile iliahidi vitu hivi, uhuru wa dini, mahakama za kadhi ziendelee, watoto wa Kiislamu wasomeshwe Kiarabu, kwenye maeneo ya Waislamu wengi maafisa wa serikali wawe Waislamu kadiri inavyowezekana, na hatimiliki za ardhi zilizosajiliwa pwani zitambuliwe na zilindwe. Ni barua fupi, unaisoma ukiwa unangoja chapati igeuzwe.

Zanzibar ikapata uhuru 10 Desemba. Kenya ikapata 12 Desemba. Na 12 Januari 1964 mapinduzi, Shamte nje, Sultani Jamshid ndani ya meli baharini. Hesabu mwenyewe: tangu barua ile iandikwe mpaka mwenye kuandikiwa akapinduliwa ni siku 99. Ilipofika Aprili nchi yake ikaungana na Tanganyika, na Julai mwaka huo huo Nyerere alikuwa mmoja wa waliosukuma azimio la Cairo kwamba mipaka tuliyoachiwa na mkoloni isiguswe. Sasa ukiwa na malalamiko ya barua ya Oktoba unampelekea nani? Aliyeahidi yuko Ikulu, aliyeahidiwa hayuko, mrithi wake amekula kiapo kuwa mipaka ni ile ile.

Kwa hilo hatuko peke yetu. Kule Zambia watu wa Barotse walikuwa na mikataba yao na Mngereza tangu enzi za mfalme Lewanika, na tarehe 18 Mei 1964 Kaunda na Litunga, mfalme wao, wakatia saini makubaliano London kwamba Barotseland itaingia Zambia na mambo yake ya ndani ibaki nayo. Mwaka 1969 Zambia ikabadilisha katiba, makubaliano yakafutwa, kwisha. Uganda nako kabaka, mfalme wa Buganda, aliwekewa mambo yake ndani ya katiba kabisa, si kwenye barua, na 1966 Obote akatuma jeshi kwenye lango la kasri. Kwa hivo wale wanaosema ingelikuwa ahadi zetu zimeandikwa kwenye katiba zingelindwa, sijui. Zambia haikuwa na bunduki, Uganda ilikuwa nazo, mwisho ni ule ule.

Na wanaosema tungepigiwa kura ingekuwa afadhali, mimi mwenyewe nimo, wawaangalie Wangazija, ndugu zetu, Habib Swaleh wa msikiti wa Riyadha kule Amu si alitoka huko. Desemba 1974 Wafaransa waliwapigisha kura ya uhuru. Komoro kwa jumla ikasema ndio kwa kura nyingi mno, Mayotte wengi wakasema hapana, na Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Komoro ikajitangazia uhuru Julai 1975, ikatoka na visiwa vitatu, Mayotte ikabaki, 2011 ikawa mkoa wa Ufaransa kamili. Leo mtu wa Nzwani, kimoja cha vile vitatu, akitaka kwenda kumuona shangazi yake Mayotte anapanda kimashua usiku akijificha na wengi wamezama. Tungehesabiwa sisi kisiwa kwa kisiwa, Amu ingekuwa wapi leo na Mokowe wapi? Nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo.

Turudi kwenye barua, manake kuna kitu watu hawakitazami. Tunazoea kusema ahadi zote zilivunjwa. Si kweli. Kadhi yuko, aliingizwa kwenye katiba ya uhuru, na 2010 makanisa mengi yalipopinga bado akabaki kifungu cha 170. Dini hakuna anayetuzuia. Habari ya maafisa Waislamu ilikufa mapema, ikafa na majimbo, KADU ikajivunja Novemba 1964 na kuanzia hapo DC, mkuu wa wilaya, akawa anaweza kutoka popote asijue hata salamu ya kwetu. Lakini ahadi iliyotekelezwa kwa uaminifu kuliko zote unajua ni gani? Ni ile ya hatimiliki.

Mwaka 1908 Mngereza alitoa sheria ya kusajili ardhi ya ukanda, kila mwenye dai alilete. Aliyekuwa mjini, anajua kusoma, anamjua kadhi, anajua ofisi iko wapi, akaandikisha, na wengine wakaandikisha mashamba ambayo mwisho wa kuyaona ni siku ya kuandikisha. Aliyekuwa porini akilima mihogo hakujua kama kuna siku ya mwisho. Kisichodaiwa kikawa cha serikali. Halafu 1963 barua ikasema, taito zilizosajiliwa zilindwe. Zikalindwa! Ndo mana mpaka leo Malindi na Kilifi nzima imejaa maskwota wa kizazi cha nne kwenye shamba la mtu ambaye mjukuu wake anakaa Muscat au Jeddah au London na hawezi kukuonyesha mkorosho wake uko wapi. Na hapa mjini tuna ule mtindo wetu wa nyumba bila ardhi, wewe unamiliki kuta na makuti, chini ni kwa mwengine, kila mwezi unatoa ijara, kodi ya kiwanja.

Upande wa Amu bara mambo yakageuka, matokeo yakawa yale yale. Huko sehemu kubwa haikuwa na taito za kulinda, ikahesabiwa ya serikali, kwa hivo barua haikuwahusu hata kidogo. Ikaja vita ya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, kuanzia 1963, vijiji vya Wabajuni kule Kiunga na Mkokoni na Ishakani vikakimbiwa, watu wakatawanyika visiwani na Malindi na Mombasa. Miaka ya 70 mwanzo serikali ikafungua skimu ya Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni, ikawapa mashamba watu kutoka bara. Jirani wa Mpeketoni mimi simlaumu, babu yake naye aliporwa kule milimani na walowezi, akaambiwa nenda kaanze upya kwengine. Ila angalia alivyopewa, alipewa na karatasi. Mbajuni aliyeondoka na godoro lake kichwani alipotaka kurudi aliulizwa, kwani una kitu gani cha kuonyesha kuwa ni kwenu?

Vijana wa "Pwani si Kenya", wale wa kundi la MRC waliotaka Pwani ijitenge, walipoanza fujo zao, wakapigwa marufuku 2010, mahakama ya Mombasa ikaiondoa marufuku 2012, hoja yao ilikuwa hii mikataba, 1895 na 1963. Nimewasikiliza sana. Kisheria sioni wanapokwenda, mwenye nyumba alitia saini mwenyewe, na mwenye nyumba hakuwa sisi. Ukisema mkataba ule urudishe Pwani, utairudisha kwa nani, kwa Muscat? Na ukishaurudisha umerudisha na zile taito za 1908, Mgiriama wa Malindi anabaki skwota ndani ya jamhuri mpya yenye bendera mpya. Wanadai haki ya kweli kwa karatasi ambayo haikuandikwa kwa ajili yao. Ugatuzi wa 2013 ulituletea gavana na bajeti, nashukuru, barabara ya huku ndani imepata lami, lakini ardhi haikuja na gavana, iko Nairobi kwenye tume.

Ami alizaliwa kijiji kimoja karibu na Kiunga, mtoto wa miaka 13 wakakimbia usiku kwa jahazi, wakafika Amu, Amu pamejaa, wakateremka mpaka Malindi. Babake akapewa kiwanja cha kujenga, kiwanja si shamba, si chake, na ijara ikaanza. Mwenye ardhi alikuwa mzee wa hapa mjini, mtu mzuri, anasema ami, mwezi ukiwa mbaya alikuwa akisubiri. Alishakufa. Wanawe wako Arabuni, hawajawahi kuonana.

Nilipomwambia naandika habari hii aliingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti umeshika kutu. Ndani ana risiti zote, zimefungwa kwa mpira, za chini zimeandikwa kwa wino na hati ya Kiarabu imelala vizuri, ya juu kabisa ni ya miaka michache nyuma. Baada ya hapo hakuna, nikamuuliza, ami ulisita kulipa? Akamuita mtoto ampe simu amfungulie meseji za M-Pesa, manake yeye herufi zile ndogo hazioni. Mtoto akawa anamsomea moja moja, tarehe na kiasi, na homuweki iko pale pale kwenye mkeka haijaandikwa.